Pikipiki iliyotumika kwa safari ya Ulaya: karatasi kwanza, chuma baadaye

Maswali yanayonifikia gereji hapa Ujerumani huanza na modeli. "Fundi, nichukue BMW R 1200 GS au Suzuki V-Strom 650?" Mimi huuliza jingine kwanza: hiyo pikipiki itasajiliwa kwa jina la nani, na barua zake zitakwenda anwani ipi? Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat akitaka kuzunguka Ulaya kwa pikipiki yake mwenyewe hatakosa pikipiki, tovuti za matangazo za mobile.de na Kleinanzeigen zimejaa, za kila bei. Kitakachomkwamisha ni usajili na bima. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua anunue nchi gani, na mara nyingine hata anunue ipi.

Wengi hukimbilia Uingereza kwa sababu ya lugha, na nawaelewa. Ukiwa na namba ya usajili tu, tovuti ya serikali inakuonyesha bure historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa chombo: maili ilizokuwa nazo kila ilipokaguliwa na kasoro zilizoandikwa. Natamani Ujerumani nayo ingetupa hivyo. Lakini tangu Waingereza watoke Umoja wa Ulaya, pikipiki yao ikivuka bahari inahesabiwa kuwa mali ya kigeni. Mgeni asiyeishi ndani ya Umoja huo anaruhusiwa kuitumia miezi 6 bila ushuru, basi. Safari ikiishia Hispania huwezi kuiuza hapohapo bila kulipa ushuru wa forodha na VAT, lazima uirudishe. Binamu yako anayeishi Ufaransa akiiazima wiki mbili, naye anaweza kujikuta anaelezana na watu wa forodha.

Kwa hiyo wengi nawaelekeza Ujerumani. Sheria ya hapa inamruhusu asiye na makazi nchini kusajili chombo kwa jina lake, mradi ataje mtu mwenye anwani ya Ujerumani atakayepokea barua za serikali kwa niaba yake. Wenyewe humwita Empfangsbevollmächtigter, na mjomba aliyeko Dortmund anatosha. Ila sheria ni moja, madirisha ni mengi: ofisi ya mji huu itakumaliza asubuhi moja, ya mji wa pili itakukazia macho kana kwamba umelibuni jambo hilo njiani. Piga simu kabla hujamlipa muuzaji hata senti. Kwenye bima ni vilevile. Bila eVB, yaani ile namba ya tarakimu na herufi saba inayotolewa na kampuni ya bima, hakuna usajili, na kampuni nyingi hazimtaki mteja asiyeishi nchini. Kodi ya chombo ndiyo nyepesi: euro 1.84 kwa kila cc 25, kwa hiyo V-Strom ya cc 645 haifiki euro 48 kwa mwaka. Lakini hukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya huku Ulaya, na hapo mjomba anahitajika tena.

Njia ya pili ni namba za kusafirishia nje, Ausfuhrkennzeichen, zenye ukanda mwekundu upande wa kulia ulioandikwa siku, mwezi na mwaka zinapokwisha. Bima yake huanzia siku 15 hadi mwaka mmoja. Mwenye viza ya Schengen anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo kwake mara nyingi hii ndiyo njia fupi. Ukaguzi wa usalama wa chombo, HU, ambao kila mtu huuita TÜV, lazima uwe hai muda wote wa namba hizo. Stika yake ya duara iko kwenye namba ya nyuma, na tarakimu iliyo juu kabisa ndiyo mwezi unapokwisha. Kisha isome kadi ya bima ya kimataifa nchi kwa nchi, hasa kama unataka kushuka Balkani, maana nchi iliyokatwa mstari haina bima. Ukipewa namba za siku 5 zenye ukanda wa manjano, kataa. Hizo ni za kujaribia na kuhamishia tu, na nchi kadhaa hazizitambui.

Karatasi za usajili wa pikipiki ya Ujerumani ni mbili. Teil I hubebwa safarini; Teil II, ambayo wazee bado huiita Brief, hukaa nyumbani. Muuzaji akisema Brief iko benki, maana yake deni halijaisha, na fedha yako isitoke mfukoni mpaka benki iiachie. Hata akiwa nayo mkononi, karatasi zenyewe zinasema waziwazi kwamba aliyetajwa humo hathibitishwi kuwa mmiliki. Andikianeni mkataba, chama cha waendesha magari cha ADAC kina fomu ya bure. Linganisha jina la kitambulisho na la kwenye karatasi. Soma namba ya chesi, herufi na tarakimu 17, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani. Ya wizi haiwi yako kwa sheria ya hapa, hata kama ulinunua kwa moyo mweupe.

Kuna mstari kwenye Teil I ambao wageni huuruka: U.1, kelele za pikipiki ikiwa imesimama. Tangu 2020 wilaya ya Reutte, Tirol, huko Austria, hufunga baadhi ya barabara zake nzuri wakati wa kiangazi, ikiwemo Hahntennjoch, kwa pikipiki zinazozidi desibeli 95. Usidhani utaponea kwa kufunga ekzosi ya upole. Kinachosomwa ni namba iliyo kwenye karatasi, na zipo pikipiki zilizotoka kiwandani zikiwa zimeshazidi.

Sasa chuma. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini kwa kiganja. Ikiwa na joto, kuna anachoficha kwenye kuwaka kwa baridi. Tazama ncha za usukani, ncha za vikanyagio, na vile vizuizi vya chuma vinavyozuia usukani usizidi kukata. Vikiwa vimepinda au kupasuka rangi, pikipiki hiyo iliwahi kulala chini vibaya. Weka mita ya volti kwenye betri, na injini ikiwa inawaka vuta mafuta kidogo: nataka kuona karibu volti 14. Zikibaki 12 na nusu, mfumo wa kuchaji una ugonjwa, na ugonjwa huo hupenda kukuzimia mlimani. Umri wa matairi husomwa kwa tarakimu nne za alama ya DOT. 1921 ni wiki ya 19 ya mwaka 2021. Tairi la miaka kumi lenye meno mazuri ni la kutupa.

Na modeli? Haya. V-Strom 650 haina mbwembwe, ndiyo maana naipenda. Zile za mwanzo, kuanzia 2004, zina tanki la lita 22. Tafuta yenye breki za ABS, zisizofunga gurudumu, zilizoanza kupatikana 2007, na udai risiti ya upimaji wa vali wa kilometa 24,000, kwa sababu kazi hiyo ni ghali na wauzaji wengi huuza siku chache kabla haijafika. GS ya BMW ina shafti badala ya cheni, raha tupu kwenye mvua, lakini bei yake unalipia na jina.

Bei hushuka kati ya Novemba na Februari. Hapo kuna mtego: pikipiki nyingi zina namba za msimu, miezi ikiandikwa ukingoni, mathalani 04 juu ya 10. Nje ya miezi hiyo haruhusiwi mtu kuiendesha wala kuiegesha barabarani, kwa hiyo huwezi kuijaribu. Ukingoja Aprili unakuta kila Mjerumani ametoka kununua. Mimi humshauri mgeni anunue Juni, joto la soko likianza kupoa na njia za juu za Alps kama Stelvio, mita 2,757, zikiwa zimefunguliwa, halafu airudishe Ujerumani kuiuza kabla Septemba haijaisha. Aliyenunua kwa muuzaji mwenye duka aombe tangu mwanzo ahadi ya kununuliwa tena, bei ikiandikwa kwenye mkataba.

Kama uliisajili kwa namba za kawaida, ifute usajili kabla ya kumkabidhi mnunuzi. Bima na kodi vinakoma siku hiyo, na kodi iliyobaki inarudi kwenye akaunti. Ukimwachia aondoke na namba zako kwa ahadi ya kwamba "nitafuta Jumatatu", picha za kamera za mwendo kasi zitakwenda Dortmund kwa mjomba.