"Kutajwa": Msanii anatarajia nini anapoweka kazi yake mtandaoni?

Chini ya picha nyingi kwenye kurasa zetu za habari huandikwa hivi: "Picha: Mtandao". Mtandao haujawahi kushika kamera wala brashi. Kuna mtu aliyeamka alfajiri kuwahi mwanga, au aliyekesha na penseli, na jina lake likaanguka njiani kati ya simu moja na nyingine. Alichonyimwa ndicho wasanii wanachokiita kutajwa, au kwa lugha ya vijana, kredi.

Kutajwa ni jina la mwenye kazi kuandamana na kazi yake popote inapokwenda. Si malipo, na wala si ruhusa. Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Mfanyabiashara akichapa mchoro wako kwenye fulana na kuandika jina lako pembeni, amekutaja, lakini bado ametumia mali yako bila idhini. Na aliyekulipa vizuri bado atakuwa amekukosea akijiita yeye ndiye aliyechora. Ile sentensi ya "sina nia ya kukiuka hakimiliki", ambayo wengi huiandika chini ya kazi za watu, haimsaidii yeyote. Ni kama kubisha hodi ukiwa umeshaingia.

Sheria nayo inavitenganisha vitu hivi. Mkataba wa Berne wa 1886, wa kimataifa wa kulinda kazi za sanaa na fasihi, ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994, uliongezewa mwaka 1928 kifungu kinachompa mtunzi haki ya kudai kwamba kazi ni yake hata akishauza haki za kiuchumi, yaani za kuinakili na kuiuza. Hizi huitwa haki za kimaadili. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inazitambua, na ya Kenya ya 2001 vilevile.

Lakini msanii anayepandisha kazi Instagram hawazi vifungu. Anajua itasambaa, na anataka isambae. Ukurasa wake ndio duka lake: mtu aone mchoro, apende, afuate jina, aulize bei. Jina likikatika, kupendwa mara elfu kumi kwenye ukurasa wa mwingine hakumletei oda hata moja. Ndiyo maana hukasirishwa zaidi na kutotajwa kuliko na kutolipwa, jambo linalowashangaza wasio wasanii.

Na jina hukatika kirahisi mno. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, kama jina la mpiga picha, mara nyingi hufutwa na mitandao wakati wa kupandisha. Skrinshoti hubeba picha na kuacha maelezo. Ukiandika jina pembeni, litakatwa. Ukiliandika katikati, umejiharibia kazi mwenyewe.

Wachoraji wa Tingatinga wana kisa chao. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972. Kwa miaka hiyo michache jina lake likawa la mtindo mzima. Leo mgeni hupiga picha ya chui wa rangi za kung'aa, akaiweka mtandaoni na kuandika "Tingatinga". Anadhani ametaja. Ametaja mtindo; aliyemchora chui huyo ameweka sahihi yake kwenye kona ya turubai, na kona haikuingia kwenye picha.

Wacheza dansi hawana hata hiyo kona. Mwaka 2019 Jalaiah Harmon, binti wa miaka 14 wa jimbo la Georgia, Marekani, alibuni dansi iitwayo Renegade. TikTok ikaifanya maarufu kupitia miili ya wengine, huku wenye wafuasi wengi wakidhaniwa ndio walioianzisha. Jina lake lilijulikana kwa umma Februari 2020, baada ya gazeti la The New York Times kuandika habari zake, na mwezi huohuo akaicheza kwenye mechi ya nyota wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, huko Chicago.

Basi ukitaka kumtaja mtu, andika jina lake mwanzoni mwa maelezo, kabla ya maneno yako, na liwe linaloweza kubonyezwa. Kumtagi ndani ya picha peke yake hakutoshi, kwa sababu wengi hawagusi picha kuona nani yumo. Kama humjui mwenye kazi, itafute picha hiyo kwa Google Lens. Wakati mwingine ukurasa wa mwenye kazi hupatikana kwa dakika chache. Usipompata, andika "mchoraji simfahamu, anayemjua anitajie". Hapo angalau umeacha nafasi ya jina.