Maana ya Simu ya Laini ya Pamoja Katika Vijiji vya Marekani

Simu ya laini ya pamoja ni simu ambayo waya wake mmoja ulihudumia nyumba nyingi, mara nyingi kumi au zaidi, na ndiyo iliyokuwa simu ya kawaida mashambani Marekani mwanzoni mwa karne ya 20.

Hataza kuu (haki za kisheria za uvumbuzi) za Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, zilipokwisha muda wake mwaka 1893 na 1894, makampuni madogo na vyama vya wakulima vilianza kujijengea laini, kwa kuwa kampuni ya Bell ilijali zaidi miji, palipokuwa na faida. Majirani walichangishana fedha, wakasimamisha nguzo na kuvuta waya wenyewe. Huko Magharibi wengine walitumia seng'enge ya uzio, ingawa mvua ilipolowesha nguzo sauti ilififia. Kufikia sensa ya 1920, takribani asilimia 39 ya mashamba yalikuwa na simu, ilhali mengi ya hayo hayakuwa na umeme.

Chombo chenyewe kilikuwa sanduku la mbao lililotundikwa ukutani, lenye betri, mpini wa kuzungusha ubavuni, na kisikilizio kilichoning'inia kwenye ndoano. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, kwa mfano mmoja mrefu na miwili mifupi, lakini kengele zililia kwa wote, hivyo kila mtu alijua ni nani anayeitwa. Aliyetaka kudukiza alinyanyua tu kisikilizio, na wengi walifanya hivyo, hata kama kila aliyejiunga kusikiliza alizidi kuidhoofisha sauti ya wanaozungumza. Si haki kuiita tabia hiyo umbea mtupu. Kwa mwanamke aliyeweza kukaa siku kadhaa za theluji bila kumwona jirani, kusikia kwamba mtoto wa nyumba ya pili amepata nafuu kulikuwa namna ya kuishi na watu.

Milio mirefu iliyofululiza iliwaita wote kwa pamoja, kama vile ghala liliposhika moto. Simu za kwenda laini nyingine zilipitia kwa opereta, mara nyingi mwanamke aliyeweka swichibodi, yaani ubao wa kuunganishia simu, nyumbani kwake, ambaye pia aliulizwa saa na habari za hali ya hewa. Na mgonjwa alipozidiwa, yeye ndiye aliyejua daktari yuko nyumba ipi usiku huo.