Heart in Motion ya Amy Grant: Acheni Kuhesabu Majina, Sikilizeni Albamu Nzima

Dai lile lile limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mwimbaji kijana aliyekuja studio kurekodi: kwamba Amy Grant, mwimbaji wa injili wa Marekani, aliiacha injili mwaka 1991, kwamba albamu yake ya Heart in Motion haina Yesu ndani yake, na kwamba kampuni ya kidunia ilimnunua pamoja na ushuhuda wake. Nimelisikia kwa wachungaji, kwa watangazaji wa redio na kwa wapiga kinanda, na karibu kila anayelitoa anaujua wimbo mmoja tu kati ya nyimbo 11 za albamu hiyo. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwa hiyo ninaliandikia.

Suala la tarehe halihitaji muda mrefu. Amy Grant alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1977 akiwa bado msichana wa shule, na Age to Age ya mwaka 1982, ambayo ndani yake umo wimbo wa El Shaddai, ndiyo iliyomfanya ajulikane katika makanisa mengi ya Marekani. Mwaka 1985, kwa albamu ya Unguarded, tayari kazi yake ilisambazwa kwa njia mbili: kampuni ya Kikristo ya Myrrh ilipeleka kwenye maduka ya Kikristo na kampuni ya kidunia ya A&M ilipeleka kwenye maduka ya kawaida, rekodi ikiwa ile ile. Mwaka 1986 wimbo alioimba pamoja na mwimbaji wa pop Peter Cetera ulifika namba 1 Marekani. Anayetafuta siku ya kuhama katika mwaka 1991 anatafuta mahali ambapo hapakutokea uhamaji wowote.

Kuhusu jina la Yesu, limo. Wimbo wa 11, Hope Set High, unalitaja waziwazi na kusema kwamba jema lolote linalotokea maishani linatoka kwake. Huo ungekuwa mwisho wa mjadala, lakini sitaki kushinda kwa kuhesabu jina limetajwa mara ngapi, kwa sababu hesabu yenyewe ndiyo inayonikera. Pambio huandikwa ili kusanyiko lote liimbe kwa pamoja, na ni haki kwamba jina lirudiwe humo hadi kila mtu alishike. Albamu ya pop husikilizwa na mtu mmoja aliye jikoni au ndani ya basi, na mtunzi ana nyimbo kumi au zaidi za kumwongoza kutoka hatua moja hadi nyingine. Ukiupima kila wimbo wa albamu kwa kipimo cha pambio, utazikataa kazi nzuri na kuzipokea dhaifu, mradi tu zimetaja jina mara nyingi.

Chukueni wimbo wa 5, Ask Me, ambao Amy Grant aliuandika pamoja na Tom Hemby. Unamhusu mtoto wa kike anayedhulumiwa kingono ndani ya nyumba anamolala, naye huoga tena na tena na kujipulizia manukato ya mama yake ili kuiondoa harufu ya aliyemdhulumu. Kiitikio kinauliza swali ambalo wengi wetu hatuthubutu kulipeleka madhabahuni: kama Mungu yuko mbinguni, alikuwa wapi wakati ule? Mwanzoni anayeulizwa ni mwimbaji mwenyewe, mtu aliye nje ya maumivu. Katika ubeti wa baadaye mtoto amekuwa mwanamke. Yuko salama, lakini bado huacha taa ikiwaka ukumbini na usingizi humjia kwa shida. Kisha kiitikio kinarudi kikiwa kimebadilika nafsi: sasa tunaambiwa tumwulize yeye, aliyeumizwa, anajuaje kwamba Mungu yuko. Ushuhuda unaondolewa kwa mwimbaji na kukabidhiwa mwenye haki nao. Mabadiliko hayo ya nafsi, ambayo msikilizaji asiye makini hayaoni, yana uzito kuliko nyimbo nyingi ninazoletewa studio zikiwa na jina la Bwana katika kila mstari, na ningependa kila mtunzi wa injili ayasome kabla hajashika kalamu.

Wimbo ambao watu wanaujua ni Baby Baby. Muziki ni wa Keith Thomas, maneno ni ya Amy Grant, na aliyeyachochea ni binti yake mchanga, mwenye umri wa wiki sita. Video yake, ambamo mwimbaji anaonekana akicheza kwa ukaribu na mwanamume asiye mumewe, iliwaudhi Wakristo wengi, na sioni sababu ya kuwadharau. Picha zilisema jambo ambalo wimbo haukuanza nalo. Hata hivyo wimbo ulifika namba 1 katika Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, mwaka huo wa 1991, albamu ikathibitishwa kuuza nakala milioni 5 Marekani, na mwaka 1992 Chama cha Muziki wa Injili cha huko kilimpa tuzo ya Dove ya msanii bora wa mwaka. Jamii inayodaiwa kuachwa ndiyo iliyomtunuku.

Wakosoaji wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, nayo haihusu utunzi. Nyimbo tano zilipelekwa kwenye redio za kawaida: Baby Baby, Every Heartbeat, That's What Love Is For, Good for Me na I Will Remember You. Ask Me na Hope Set High hazimo. Enzi ya kaseti, aliyenunua kwa ajili ya Baby Baby alifika mwisho wa upande wa pili kwa kuacha tu kanda izunguke, lakini leo anagusa wimbo mmoja na kuondoka. Kwa hiyo sijui kama kuliweka jina la Yesu katika wimbo wa mwisho kulikuwa kuifikisha albamu mahali ilipokuwa ikielekea, au kulimpa msikilizaji nafasi ya kuondoka mapema.

Mwaka 1998 Chama cha Muziki wa Injili, kile kilichompa tuzo ya Dove, kilijaribu kueleza muziki wa injili ni upi, na kati ya vigezo vyake kimo kimoja kinachokubali maneno yaliyochochewa waziwazi na mtazamo wa Kikristo juu ya dunia. Kwa kigezo hicho, Ask Me unapita bila shaka. Hats, unaoeleza mwanamke mmoja anavyobeba majukumu mengi, ningeupitisha pia, na yeyote anayepinga ningemjibu kwa utulivu. Good for Me, wimbo unaofungua albamu na kusifu urafiki wa watu wawili wenye tabia tofauti, sijui ningeuweka upande gani.