Krenki hukatikia konani, si kwenye weldi

"Fundi, usinichomelee krenki, itakatika." Nimeisikia tena. Krenki ni ile shafti ya injini inayozungushwa na pistoni. Ukimuuliza mteja ameiona wapi iliyokatika hivyo, hajaiona. Kaambiwa na fundi wake, na fundi wake naye kaambiwa.

Haya, tuelewane. Shingo, yaani sehemu ya mviringo ya krenki inayozunguka ndani ya beringi, ikishasagwa mpaka saizi ya mwisho yenye beringi sokoni na bado imeliwa, utatafuta krenki nyingine au utaijaza hiyo kwa weldi. Kujaza si kushika elektrodi ya kuungia geti. Krenki inapashwa moto kwanza, matundu ya oili yanazibwa kwa vijiti vya kaboni, kisha inazungushwa polepole huku waya ukijilisha wenyewe na cheche zikiwaka chini ya unga wa flaksi unaoikinga weldi na hewa. Unga ukiwa na unyevu, jiwe la kusagia likishapita utaona vitundu kama vya sindano. Kabla ya hayo yote inapimwa nyufa kwa sumaku, na yenye ufa inaenda chuma chakavu. Za chuma cha kumiminwa mimi huzikwepa: kaboni nyingi mno, zinapasuka zikipoa.

Sasa kona, maana hapa ndipo watu wananichosha. Pale shingo inapokutana na ubavu, lile bapa linaloishikilia, pana mviringo mdogo. Injini ya mipigo minne ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 1,000 kwa dakika hiyo, na kila ikiwaka krenki inajipinda kidogo na kurudi. Mkazo unajikusanya konani. Chukua krenki iliyokatika uitazame usoni: utaona eneo laini lenye mistari kama ya mawimbi, linaanzia kwenye kona, halafu eneo la chembechembe lililokatika kwa mara moja. Lile laini ni ufa uliotembea taratibu, pengine kwa miezi. Msagaji aliyeingiza jiwe bila kulichonga kona yake kwa almasi ameacha ngazi pale, na krenki hiyo itakatika hata kama haijawahi kuonja moto. Lakini lawama nani anabeba? Mchomeleaji! Ukiuliza kona ilikuwa na mviringo wa kiasi gani, kimya.

Weldi nayo ina dhambi zake, sikatai. Ikiishia katikati ya kona, ukingo wake umekaa mahali pabaya kuliko pote. Wapo wanaoisimamisha kabla ya kona, wapo wanaoipandisha mpaka ubavuni. Mimi naipandisha, ingawa krenki inapinda zaidi na presi ya kuinyooshea inafanya kazi zaidi, na kunyoosha kwenyewe kunaweza kuzaa ufa. Ndiyo maana sumaku inarudi tena baada ya kusaga.

Na kuna hili ambalo vitabu hulipitia haraka: moto unaacha mvutano ndani ya chuma na kupunguza uvumilivu wake. Tanuri la nyuzi 600 hivi linaondoa sehemu kubwa, si yote. Kiasi kilichobaki huwezi kukijua kwa vifaa vya karakana ya kawaida, na sumaku haioni ufa uliojificha ndani. Kwa hiyo dizeli yenye turbo inayobebeshwa mzigo kutwa, mwenyewe nikiletewa na krenki mpya inapatikana, namwambia mteja anunue.

Ila ukipokea krenki yoyote iliyosagwa, iliyochomelewa au la, pitisha kucha konani kabla hujashika mikromita. Kucha ikigota, irudishe.