Geuza Bizimu Upande wa Nyuma Kwanza

Kila inapoletwa picha ya bizimu la kale, yaani pini ya kubania nguo, swali ni lile lile: "Urembo huu ni wa karne ya ngapi?" Na picha yenyewe imepigwa mbele tu.

Dhana: Urembo ndio unaotaja umri.

Urembo huigwa, hupotea, kisha hurudi. Kinachobadilika kwa mpangilio ni ufundi: springi, mguu (mwisho wa bizimu ulio mbali na springi) na sehemu inayopokea ncha ya sindano. Mwanaakiolojia Otto Tischler aliyagawa mabizimu ya La Tène, utamaduni wa Zama za Chuma wa Ulaya ya Kati, mwaka 1885 kwa kutazama mguu. Mguu uliokunjwa kuuelekea upinde (mwili wa bizimu uliopinda) bila kushikamana nao ni wa awali, takriban 450 hadi 250 KK. Uliobanwa kwenye upinde kwa kipete ni wa kati, hadi karibu 150 KK. Mguu na upinde vikiwa kipande kimoja, umefika La Tène ya mwisho. Hapo hujatazama ua wala mnyama hata mmoja! Makaburi ya Münsingen-Rain, Uswisi, yaliongezwa kutoka kaskazini kwenda kusini kadiri miaka ilivyopita, na aina za mabizimu zikabadilika kwa kufuata njia hiyo hiyo.

Basi piga picha ya ubavuni, weka rula ya milimita, hesabu mizunguko ya springi, angalia waya unaounganisha pande zake umepita juu au chini. Springi ikiwa imevunjika, andika "haijulikani". Ukikisia, kosa lako litaingia katika jedwali la kila atakayekufuata.

Dhana: Umri wa bizimu ndio umri wa kaburi.

Sindano ya chuma kwenye bizimu la bronzi mara nyingi ni kiraka: limevaliwa sana kabla ya kuzikwa. Kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko kitu kipya kabisa kilichomo.

Dhana: Radiokaboni itamaliza ubishi.

Radiokaboni hukadiria umri kwa kupima kaboni; bronzi haina kaboni ya kupima, hupimwa mifupa. Tena kati ya 800 na 400 KK mchoro wa ulinganishi, unaogeuza kipimo kuwa miaka ya kalenda, umelala, jibu linatanuka karne kadhaa. Hapo bizimu hushinda maabara.

Dhana: Kutu nyingi, ukale mwingi.

Huo ni udongo unaosema. Na tafadhali, usilisafishe kwa ndimu, ibaki jikoni: kutu hiyo huhifadhi alama za nyuzi za nguo, na asidi hula bati lililopakwa juu.