Mfalme wa Uingereza si mkuu wa Waanglikana wa Dar

Mtu akijua wewe ni Mwanglikana, hachelewi: "Ah, nyie wa Mfalme wa Uingereza!" Dhana hiyo ni ya miaka mingi, ila si kweli. Mfalme ni mkuu wa Kanisa la Uingereza peke yake. Tanzania ni jimbo la Kianglikana linalojitegemea tangu 1970, na askofu mkuu wake wa kwanza, John Sepeku, alikuwa askofu wa Dar es Salaam. Askofu mkuu wa Canterbury, kule Uingereza, anaheshimiwa sana, lakini hatoi amri huku.

Waanglikana wa Marekani walijitenga na mfalme mapema zaidi. Mwaka 1784 askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, aliwekwa wakfu Aberdeen, Uskoti, kwa kuwa Uingereza ilidai kiapo cha utii kwa mfalme. Kanisa lao la Kianglikana ndilo linaloitwa la Episkopali.

Njoo Jumapili usikilize: maombi yanamtaja Rais. Kisha mnada wa sadaka nje: jogoo kafungwa kamba miguuni, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, na mzee wa kanisa anayepandisha bei bila huruma (mayai hayo dukani ni nafuu, kila mtu anajua). Katikati ya wiki kuna mazoezi ya kwaya, na akina mama huenda kuona wagonjwa. Umeme wa LUKU wa kanisa unanunuliwa kwa sadaka hizo hizo.