"Ajali haina kinga": sentensi niliyochoka kuisikia

Kila kundi jipya la wanafunzi wa udereva likiingia darasani kwangu hapa Dodoma, kabla hatujafika hata kwenye alama za barabarani, yupo atakayesema, "Lakini mwalimu, ajali haina kinga." Wenzake hutikisa vichwa kukubali, na mwingine huongeza kwamba siku ikifika imefika. Mimi pia ni mtu wa dini, lakini sikubali Mungu asingiziwe gari lililoovateki kwenye kona.

Chukua ajali ambayo kila anayesafiri kwenda Morogoro ameisikia kwa namna moja au nyingine. Ni usiku, gari dogo limepita Mbande linaelekea Kibaigwa. Mbele kuna lori la mahindi limeharibika, limesimama nusu kwenye lami, halina taa, nyuma limewekewa matawi mawili ya mti. Gari dogo linaingia chini ya tela. Msibani utaambiwa lori "lilitokea ghafla". Lori halikutokea popote. Lilikuwa limesimama palepale. Mwenye lori ana kosa kubwa la kuliacha bila viakisi, hilo silitetei. Ila dereva wa gari dogo naye alikuwa anakimbia kuliko macho yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Taa za chini za gari la kawaida hukuonyesha kitu cheusi barabarani kwa umbali wa mita 50 hivi. Ukiwa spidi 100, kila sekunde unakwenda karibu mita 28. Sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, kisha unahitaji mita nyingine 55 hivi za lami kavu na tairi nzima ili usimame. Jumla ni zaidi ya mita 80. Ulichokiona kwenye mita 50 utakigonga, hata uwe na uzoefu gani. Ukiwa spidi 50 unasimama ndani ya mita 30 na unabaki na nafasi ya kushuka ukamtukane mwenye lori.

Watu hunibishia kwamba 80 na 100 ni tofauti ndogo. Weka magari mawili sambamba, ng'ombe akatize mbele, madereva wote wawili wakanyage breki kwa pamoja. Pale aliyekuwa na 80 anaposimama kabisa, aliyekuwa na 100 bado yuko kwenye spidi inayozidi 60. Mmoja anapiga honi, mwingine anaua ng'ombe na pengine kijana anayemchunga. Na huku kwetu, Bahi, Manyoni, hata Chamwino hapo, ng'ombe akivuka peke yake jua wenzake wanakuja nyuma. Punguza mwendo unapomwona wa kwanza, usisubiri wa tatu.

Kuovateki nako ni hesabu ambayo hakuna anayeifanya. Lori linakwenda 60, wewe 80. Mpaka ulipite na urudi upande wako salama unahitaji sekunde kama 11. Kwa muda huo umetembea mita 240, na basi linalokuja kwa 80 nalo limetembea 240. Unahitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi, unayoiona kwa macho yako. Indiketa ya mwenye lori anayekuambia "pita" haihesabiki, kwa sababu yeye hatagongwa uso kwa uso.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wote wanatoka na zoezi moja, na nitaendelea kuwachosha nalo: gari la mbele likipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, umebanana, rudi nyuma. Usiku au kwenye mvua hesabu mpaka tano. Nafasi hiyo ndiyo kinga mnayosema haipo.

Zipo ajali ambazo hungeweza kuzizuia. Umesimama kwenye kivuko, lori lililofeli breki linakuja nyuma yako: hapo huna la kufanya. Zipo pia sehemu ambazo barabara yenyewe ni mtego na wenye mamlaka wanatakiwa kuzirekebisha. Lakini nyingi ninazosimuliwa, ukirudisha hadithi nyuma dakika moja tu, unakuta mtu aliyeamua jambo.

Mengine nayajibu haraka. "Dodoma kuna joto, punguza upepo wa tairi lisipasuke." Ni kinyume kabisa! Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi linapozunguka, linachemka, na hapo ndipo linapopasuka. Jaza kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na upime asubuhi kabla hujaondoka.

"Nyutro kwenye mteremko inaokoa mafuta." Injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe ukiachia pedeli gari likiwa kwenye gia, kwa hiyo huokoi kitu. Unachofanya ni kuziachia breki mzigo wote mpaka zichemke na kushindwa kushika. Ukiteremka Sekenke, weka gia nzito (namba ndogo) kabla ya kuanza kushuka, si katikati.

"Nimekunywa mbili, nitapiga kahawa." Kahawa inakufanya mlevi asiye na usingizi. Mwili unaondoa pombe kwa kasi yake, na kinachohitajika ni saa kadhaa.

Halafu kuna wale wanaosema wao ni waangalifu, kwa hiyo mkanda hauwahusu. Mkanda unafungwa kwa ajili ya yule mwingine asiye mwangalifu, na kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani unapunguza hatari ya kufa kwa hadi asilimia 50. Wa kiti cha nyuma nao wafunge, maana gari likigonga, asiyefunga anarushwa mbele na uzito wake wote anamwangukia aliyefunga. Na akina mama, nawaomba, msimpakate mtoto kiti cha mbele. Gari likisimama ghafla kutoka spidi 50, hakuna mikono ya binadamu inayoweza kumshika.